Majibu ya Kuchagua Yafupishwe kwa Namba Gani? Maswali Kutoka Mtwara na Lindi

Barua tunazozijibu safari hii zimetoka mikoa ya kusini, na ingawa waandishi wake hawafahamiani, wote wamekwama mahali pamoja: wana rundo la madodoso yenye machaguo, na wanatakiwa kutoa namba moja au mbili za kuweka kwenye taarifa. Takwimu zilizomo katika majibu yetu ni za mfano tu. Tumezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi, wala hazielezi hali ya kijiji, shule au soko lolote.

*Ndugu Mwandishi, mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba. Bodi ilituagiza tuwahoji wakulima wa korosho ili ijulikane changamoto iliyowasumbua zaidi msimu uliopita. Dodoso lilikuwa na machaguo matano: 1 kuchelewa kwa salfa (dawa ya kupuliza mikorosho), 2 ubwiriunga (ugonjwa wa mikorosho), 3 kuchelewa kwa malipo, 4 umbali wa ghala, 5 nyingine. Kijana aliyeingiza majibu kwenye kompyuta amenipa wastani wa 2.6, na mwenyekiti ananiuliza 2.6 ni changamoto gani. Nimjibu nini? Kompyuta imetoa pia kipimo cha mtawanyiko, yaani jinsi majibu yanavyotofautiana; nacho nikitumie?*
*Karani, Tandahimba*

Ndugu Karani, mwenyekiti wako ameuliza swali ambalo kila msomaji wa taarifa angepaswa kuliuliza, na jibu lake ni kwamba 2.6 si changamoto yoyote. Namba 1 hadi 5 ziliwekwa kwenye dodoso ili mwingizaji wa majibu asilazimike kuandika maneno marefu kila mara. Zinafanya kazi ya jina, wala hazipimi kitu. Umbali wa ghala haukupewa 4 kwa kuwa ni tatizo kubwa mara mbili ya ubwiriunga. Kompyuta haifahamu hayo, kwa hiyo ukiiagiza ijumlishe na kugawanya, itajumlisha na kugawanya.

Tuseme mliwahoji wakulima 200, na waliochagua salfa ni 64, ubwiriunga 30, malipo 58, umbali wa ghala 20 na nyingine 28. Wastani wa namba hizo ni 2.59. Sasa chapisha dodoso lilelile kwa mpangilio mwingine, ubwiriunga ukiwa 1, umbali wa ghala 2, malipo 3, salfa 4 na nyingine 5, kisha ingiza majibu yaleyale ya wakulima walewale: wastani unapanda hadi 3.20. Hakuna mkulima aliyebadili kauli yake. Kilichobadilika ni kazi ya mchapaji. Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote ninavyovitumia kuamua kama muhtasari unafaa au haufai: hamisha machaguo ambayo hayana mpangilio wa asili, na namba yako ikihama pamoja nayo, iache.

Mwanasaikolojia wa Marekani, S. S. Stevens, aliwahi kuyapanga mambo haya katika makala aliyoichapisha mwaka 1946 kwenye jarida la Science. Aligawa vipimo katika aina nne: vya majina, vya ngazi, vyenye nafasi sawa kati ya namba na namba, na vyenye sifuri halisi. Swali lako ni la majina. Katika majina unaweza kuhesabu waliochagua kila jibu, kuigawanya idadi hiyo kwa jumla ya waliojibu ili upate asilimia, na kutaja jibu lililochaguliwa na wengi zaidi, ambalo wanatakwimu huliita modi. Zaidi ya hapo unahitaji sababu nzuri.

Lakini usikimbilie kumjibu mwenyekiti kwa modi peke yake, maana ndipo kosa la pili hujificha. Katika mfano wetu salfa ina asilimia 32 na malipo asilimia 29, tofauti ya wakulima sita tu kati ya 200. Ikiwa wakulima hao walichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka katika daftari kubwa la wanachama, tofauti hiyo ya pointi 3 inaweza kukosea kwa takriban pointi 11 upande wowote, maana yake ni kwamba kama mngewahoji wakulima wengine 200 kutoka daftari hilohilo, malipo yangeweza kabisa kuongoza. Taarifa inayosema "changamoto kubwa ni kuchelewa kwa salfa" ikaishia hapo inaificha karibu theluthi moja ya wanachama wanaolalamikia malipo, na bodi itatumia fedha zake kana kwamba hawapo. Andika asilimia zote tano, kuanzia kubwa hadi ndogo, ukiiacha "nyingine" mwisho hata kama si ndogo kuliko zote. Mstari mmoja wa maneno unatosha kuzieleza: salfa na malipo zinakaribiana kileleni, na yaliyobaki yako mbali nyuma yao.

Kuna jambo jingine katika dodoso lako ambalo hesabu haiwezi kulirekebisha, na mtu wa Tandahimba analijua kuliko mimi. Salfa hupulizwa ili kuzuia ubwiriunga usiharibu maua ya mkorosho. Mkulima aliyepata salfa kwa kuchelewa, maua yake yakashambuliwa, ana haki ya kuchagua 1 na ana haki ileile ya kuchagua 2, kwa sababu umempa chanzo na matokeo kama vitu viwili vinavyoshindana. Ukiyaunganisha majibu hayo unapata asilimia 47, na malipo hayasogei karibu tena. Ukiyatenganisha, vinara wawili wanakabana. Modi, kwa hiyo, inategemea sana jinsi ulivyoyakata machaguo, na mwandishi wa dodoso anaweza kumpandisha au kumshusha mshindi bila kukusudia. Ushauri wangu ni kwamba utoe jedwali lenye majibu matano kama yalivyoulizwa, kisha chini yake useme wazi kwamba mawili yanahusu tatizo moja na jumla yake ni kiasi gani. Msomaji aone hesabu zote mbili.

Hao 28 wa "nyingine" warudie mmoja mmoja. Kama wahojaji waliandika maelezo pembeni, yasome na uyapange. Aghalabu unakuta nusu yao wametaja jambo moja ambalo wewe hukulifikiria ulipokuwa unaandika dodoso.

Umeniuliza pia kuhusu kipimo cha mtawanyiko. Kile ulichopewa na kompyuta kina ugonjwa uleule wa wastani, kwa kuwa kimekokotolewa kutokana na namba ambazo ni majina. Ukitaka kweli kuonyesha kama wakulima wamekubaliana au wametawanyika, kipo kipimo kinachohusishwa na Edward Simpson, aliyekichapisha mwaka 1949 na ambacho watafiti wa viumbe hukitumia kupima wingi wa aina za mimea na wanyama. Chukua kila asilimia kama sehemu ya moja, uizidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, kisha toa jumla hiyo katika moja. Kwa mfano wetu jibu ni 0.76, yaani ukiokota wakulima wawili kwa bahati nasibu, mara 76 kati ya 100 watakuwa wametaja changamoto tofauti. Kwa machaguo matano, kiwango cha juu kabisa ni 0.80, kwa hiyo wakulima hawa wametawanyika karibu kadiri inavyowezekana. Kwa mkutano wa bodi sidhani kama inahitajika. Asilimia zile tano zinatosha kulisema jambo hilo.

*Ndugu Mwandishi, ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Lindi na ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili. Niliwauliza wazazi wa shule mbili kama wameridhika na utaratibu wa chakula cha mchana shuleni, kwa ngazi tano: siridhiki kabisa, siridhiki, sina upande, naridhika, naridhika kabisa. Msimamizi wangu anataka wastani, tena uliofasiriwa kwa jedwali ambalo 2.61 hadi 3.40 ni "sina upande". Mwenzangu anasema wastani ni haramu kabisa kwa majibu ya aina hii, nitumie mediani. Nimfuate nani?*
*Mwalimu, Lindi*

Mwalimu, kabla ya kumfuata yeyote, hebu tuziweke shule zako mbili kando kando, kila moja ikiwa na wazazi 100. Katika shule ya kwanza, kuanzia siridhiki kabisa hadi naridhika kabisa, majibu ni 5, 15, 60, 15 na 5. Katika shule ya pili ni 40, 8, 4, 8 na 40.

Wastani wa shule ya kwanza ni 3.00, na wa shule ya pili ni 3.00. Msimamizi wako akitumia jedwali lake ataandika kwamba wazazi wa shule zote mbili hawana upande, ilhali katika shule ya pili waliosema hivyo ni wazazi wanne tu, na waliobaki wamegawanyika vipande viwili ambavyo huenda havisalimiani kwenye kikao. Mwenzako naye asifurahi mapema. Mediani ni jibu la mtu wa katikati baada ya majibu yote kupangwa kutoka chini hadi juu, na mtu wa katikati wa shule ya pili ameangukia palepale kwenye "sina upande", miongoni mwa wale wanne. Hata wanaopenda kutoa asilimia ya wasioridhika katika asilimia ya walioridhika, ili wabaki na tofauti moja, watapata sifuri kwa shule zote mbili. Tumetumia njia tatu zinazoheshimika, na zote tatu zimezifananisha shule zisizofanana hata kidogo.

Kwa hiyo mjadala wa wastani na mediani, ambao umewanyima wanafunzi wengi wa uzamili usingizi, kwa data yako ni mjadala wa pili. La kwanza ni kuonyesha mgawanyo mzima wa majibu: kwa kila shule, asilimia zote tano kwa mpangilio wake, ama kwenye jedwali ama kwenye mstari mnene mmoja uliogawanywa vipande vitano, mistari ya shule mbili ikikaa mmoja juu ya mwingine. Ukilazimika kufupisha zaidi, toa namba tatu badala ya moja: wasioridhika, wasio na upande, na walioridhika. Shule ya kwanza inakuwa 20, 60, 20, na ya pili 48, 4, 48. Msomaji hahitaji maelezo zaidi ya hayo ili aone kwamba shule ya pili ina ugomvi na ya kwanza ina ubaridi.

Sasa tuufikie huo mjadala wa pili. Hoja ya mwenzako inatoka kwa Stevens, na ina uzito. Majibu yako ni ya ngazi: tunajua kwamba "naridhika kabisa" iko juu ya "naridhika", lakini hatujui kama hatua kati ya hizo mbili inalingana na hatua ya kutoka "siridhiki" kwenda "sina upande". Wastani hudhani kwamba hatua zote zinalingana, na dhana hiyo umeileta wewe, mzazi hakuisema. Mediani haidhani hivyo. Inahitaji mpangilio tu. Hata hivyo neno "haramu" limezidi. Mwaka 1953 mwanatakwimu wa Marekani, Frederic Lord, aliandika kisa cha mzaha kuhusu profesa aliyeteswa na dhamiri yake kwa kuzitafutia wastani alama za mitihani kwa siri, akastaafu, kisha akawa anauza namba za jezi za wachezaji, hadi siku wachezaji wa mwaka wa kwanza walipolalamika kwamba wamepewa namba ndogo kuliko wenzao. Ikabainika kwamba wastani wa namba hizo uliweza kulijibu swali hilo moja kihalali, yaani kama namba zao zilikuwa ndogo kuliko ambavyo bahati nasibu ingezifanya. Uhalali wa hesabu, basi, unategemea pia swali linaloulizwa.

Msimamizi wako naye ana sehemu yake ya haki, ila sidhani kama ameiweka mahali pake. Rensis Likert, ambaye ngazi hizi zimepewa jina lake, alipoeleza njia yake mwaka 1932 hakuwa akikokotoa wastani wa sentensi moja iliyosimama peke yake. Alimpa mhojiwa sentensi nyingi zinazohusu msimamo mmoja, kisha akajumlisha majibu ya mtu huyohuyo ili kupata alama yake. Kama dodoso lako lina sentensi nane kuhusu chakula cha shule, na zinakwenda pamoja, kila mzazi atakuwa na alama kati ya 8 na 40. Hapo wastani wa alama za wazazi ni namba inayovumilika na wanatakwimu wengi hawatakupigia kelele. Kwa sentensi moja moja, nisingeutumia kama namba kuu. Ukiagizwa uuweke, uweke kwenye safu ya mwisho ya jedwali, nyuma ya asilimia zote tano, na lile jedwali la tafsiri uliache nje. Mipaka yake ya 2.61 na 3.40 imetokana na kuugawanya umbali wa 1 hadi 5 katika vipande vitano vilivyo sawa, wala haijatokana na jambo lolote walilosema wazazi.

Mkihitaji kuzilinganisha shule zako mbili kwa namba moja ambayo haidhani hatua sawa, upo uwezekano huu: chukua mzazi mmoja kutoka kila shule kwa bahati nasibu, ukokotoe ni mara ngapi mzazi wa shule ya kwanza amejibu juu zaidi ya mwenzake. Hicho ndicho kiini cha jaribio la Mann na Whitney, lililochapishwa mwaka 1947. Lakini kwa mgawanyo kama wa mfano wetu nalo litakuambia shule hizi zinalingana, kwa hiyo turudi kwenye asilimia.

*Ndugu Mwandishi, tuliwauliza wachuuzi wa samaki hapa Mikindani jinsi wanavyohifadhi samaki wasiouzika siku hiyo, na tukawaruhusu kuweka alama kwenye njia zote wanazotumia: barafu, kukaanga, kukausha juani, chumvi na moshi. Asilimia zimejumlika hadi 200. Mwenzangu amezigawanya ili zifike 100. Amefanya sawa?*
*Msomaji, Mikindani*

Hapana, ingawa amefanya kwa nia njema. Asilimia hazilazimiki kufika 100 pale ambapo mtu mmoja anaruhusiwa kutoa majibu kadhaa, na jitihada za kuzilazimisha ndizo zinazoharibu taarifa nyingi za masoko na za afya.

Tuseme wachuuzi ni 120, na alama zao ni: kukaanga 84, barafu 66, kukausha juani 48, chumvi 30, moshi 12. Jumla ya alama ni 240. Wanaokaanga ni 84 kati ya watu 120, yaani asilimia 70 ya wachuuzi. Mwenzako amegawanya 84 kwa 240 akapata asilimia 35, ambayo nayo ni namba ya kweli ya kitu fulani, yaani sehemu ya alama zote zilizowekwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayehitaji kujua sehemu ya alama. Afisa uvuvi akisoma "asilimia 35" ataelewa kwamba theluthi mbili ya wachuuzi hawakaangi, na atakuwa amepotoshwa kabisa.

Lichukulie swali hilo kama maswali matano ya ndiyo na hapana yaliyoandikwa pamoja. Ukitumia programu za kukusanyia data kwa simu kama KoboToolbox, utaona kwamba ndivyo zinavyofanya zenyewe: kila njia inapata safu yake, 1 kwa aliyeichagua na 0 kwa ambaye hakuichagua. Hapa, Karani wa Tandahimba atashangaa, wastani wa safu hiyo ni halali kabisa, kwa sababu jumla ya 1 na 0 ikigawanywa kwa idadi ya watu haiwi kitu kingine ila uwiano wa waliosema ndiyo. Wastani wa safu ya kukaanga ni 0.70.

Unapata pia namba nyingine ambayo maswali ya jibu moja hayana: idadi ya njia kwa kila mchuuzi. Hiyo ni hesabu ya vitu halisi, ina sifuri yake, na wastani wake una maana. Kwa mfano wetu ni 2.0. Iambatanishe na mgawanyo wake, kwa kuwa mchuuzi mwenye njia moja tu, na njia hiyo ni barafu, yuko katika hatari tofauti umeme ukikatika kuliko yule mwenye barafu, chumvi na moshi. Ningependa kuona katika taarifa yako ni wangapi wanategemea barafu peke yake kuliko kuona hesabu yoyote nyingine. Idadi hiyo haitoki kwenye asilimia zile tano, inabidi uitafute kwa kuzisoma safu kwa pamoja.

Mambo mawili ya kuchunga. Usifanye jaribio la kawaida la kai-mraba (linalopima kama tofauti za hesabu zimezidi za bahati nasibu) kwenye jedwali la alama 240, kwani jaribio hilo, tangu Karl Pearson alipolitoa mwaka 1900, linahitaji kila mtu ahesabiwe mara moja, na wewe umemhesabu mtu mmoja hata mara tatu. Pili, mchuuzi aliyeacha nafasi zote tupu unamhesabuje? Huenda hahifadhi kabisa, anauza kwa bei ya chini jioni ileile; huenda pia mhojaji aliruka ukurasa. Safari nyingine ongeza chaguo la "situmii hata moja", au umwulize mhojiwa kila njia peke yake ajibu ndiyo au hapana. Ufahamu tu kwamba ukiuliza hivyo, utapata "ndiyo" nyingi kuliko kwa orodha ya kuweka alama, kwa hiyo usiyalinganishe matokeo ya njia hizo mbili kana kwamba soko limebadilika.

*Ndugu Mwandishi, wakulima wa ufuta hapa Ruangwa tuliwapa makundi ya ukubwa wa shamba: 1 chini ya ekari 1, 2 ekari 1 hadi pungufu ya 3, 3 ekari 3 hadi pungufu ya 5, 4 ekari 5 hadi pungufu ya 10, 5 ekari 10 au zaidi. Tumeambiwa tutoe "ukubwa wa wastani wa shamba". Tutautoaje?*
*Msomaji, Ruangwa*

Chukua wakulima 150 waliogawanyika hivi: 27, 54, 36, 24 na 9. Mtego wa kwanza ni kukokotoa wastani wa namba za makundi, ambao ni 2.56, na ubaya wake ni kwamba 2.56 inafanana sana na ekari. Nimeona taarifa zilizoandika "ekari" mbele ya namba ya namna hiyo bila mtu kushtuka. Hazikuwa ekari, zilikuwa nusu ya njia kati ya kundi la pili na la tatu.

Njia ya kawaida ni kumpa kila mkulima ukubwa wa katikati ya kundi lake: 0.5, 2, 4, 7.5, na kwa kundi la mwisho, ambalo halina mpaka wa juu, namba ya kukisia. Ukikisia ekari 12, wastani unakuwa 3.69. Ukikisia 20, ni 4.17. Ukikisia 40, ni 5.37. Wakulima tisa ambao hukuwauliza vizuri wameuburuza wastani wa wote 150, na kila mchambuzi anaweza kupata jibu alipendalo.

Mediani haisumbuliwi na hao tisa. Mkulima wa 75 yuko katika kundi la pili, kwa kuwa kundi la kwanza linaishia kwa mkulima wa 27 na la pili kwa wa 81. Kutoka 27 hadi 75 ni hatua 48 kati ya wakulima 54 wa kundi hilo, na kundi lina upana wa ekari 2, kwa hiyo mediani ni 1 kujumlisha 48 gawanya kwa 54 mara 2, yaani ekari 2.8 hivi. Hesabu hii inadhani kwamba wakulima wametandaa sawasawa ndani ya kundi, jambo ambalo si kweli kabisa, maana watu hupenda kutaja ekari nzima nzima. Ndiyo sababu nimeandika "hivi" na sikuandika 2.78. Ukitaka kuwa mwangalifu zaidi, sema tu kwamba mkulima wa katikati ana kati ya ekari 1 na 3, na kwamba wenye ekari 10 au zaidi ni asilimia 6. Namba hizo mbili nitaziamini kuliko wastani wowote wa kukisia.

Mkitaka kujua jumla ya ekari kwa ajili ya kukadiria mbegu, mediani haitawasaidia, kwani ni wastani peke yake unaozidishwa kwa idadi ya wakulima ukatoa jumla. Kwa kazi hiyo warudieni wale tisa mwaulize ekari zao halisi.

*Ndugu Mwandishi, nina maswali mawili mafupi. Waliojibu "sijui" niwatoe? Na katika kijiji kimoja tulipata watu 12 tu, wanne wakasema ndiyo. Niandike asilimia 33.3?*
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Kuhusu "sijui", inategemea swali. Ukiuliza watu 90 kama wanajua siku ya kliniki, "sijui" ndilo jibu lenyewe, na kulitoa ni kufuta matokeo. Ukiuliza kama huduma ya kliniki ni nzuri, asiyewahi kufika huko hana cha kusema, na ni haki kumweka kando. Tofauti si ndogo: kati ya watu 90, wakisema ndiyo 36, hapana 24 na sijui 30, ndiyo ni asilimia 40 ya wote, au asilimia 60 ya wenye maoni. Zote mbili ni sahihi, na kila moja itamfurahisha mtu tofauti, kwa hiyo chini ya jedwali andika umegawanya kwa wangapi, na waliosema "sijui" uwataje hata kama hukuwaingiza katika hesabu. Waliokataa kujibu wasichanganywe nao.

Kuhusu watu 12, andika "wanne kati ya 12" na uishie hapo. Desimali ya 33.3 inadai usahihi ambao huna: kwa njia ya Edwin Wilson ya mwaka 1927, ambayo inafaa kwa sampuli ndogo, wanne kati ya 12 wanaweza kuwakilisha kijiji ambacho wanaosema ndiyo ni popote kati ya asilimia 14 na 61. Kijiji hicho usikiweke kwenye jedwali la kuvipanga vijiji kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Kama ni lazima kionekane, kiunganishe na vijiji jirani vya kata hiyo, ukitaja majina yake, hadi upate idadi inayotosha kugawanywa.